Namna ya Kuandaa na Kuonja Chai za Majani Nyumbani

Tafuta vikombe vitatu vya aina moja na majani ya chai ya kijani kutoka kopo moja. Pima gramu 3 kwa kila kikombe. Cha kwanza kitie maji yanayochemka, cha pili maji ya nyuzi 80 za Selsiasi, cha tatu maji ya nyuzi 60. Subiri dakika 2, chuja, kisha onja kimoja baada ya kingine. Asiyejua ulichofanya ataapa kwamba umempa chai tatu mbalimbali. Kikombe cha kwanza kitamkunja uso kwa uchungu na kumkausha ulimi. Cha pili kitanukia majani mabichi, na utamu mdogo utafuata nyuma. Cha tatu kitakuwa chepesi, laini, bila uchungu wa kusema.

Jaribio hilo ndilo lililonifungulia mlango wa chai. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba chai ya kijani si ya mdomo wangu. Nilikuwa naimwagia maji ya kuchemka kama nilivyozoea kwa chai nyeusi, nakunywa uchungu, kisha nalirudisha kopo nyuma kabisa ya kabati. Majani hayakuwa na hatia yoyote. Ndiyo maana mwongozo huu wote unafuata kanuni moja: badilisha kitu kimoja tu kila unapoandaa, na uonje vikombe viwili kwa pamoja. Ulimi haukumbuki vizuri kile ulichokunywa juzi, lakini ukiwekewa viwili mbele yake hutofautisha upesi ajabu.

## Mmea mmoja, chai nyingi

Chai nyeupe, ya kijani, oolong, nyeusi na pu'er zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Una jamii mbili kubwa: sinensis, yenye majani madogo na inayostahimili baridi, na assamica, yenye majani mapana na inayopenda joto na mvua. Lakini kinachoitenga chai ya kijani na nyeusi ni yale yanayofanyika baada ya jani kuchumwa.

Jani likichumwa huanza kunyauka. Likisokotwa au kupondwa, utomvu wake hukutana na hewa, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake hulibadilisha rangi kuwa kahawia, kama tunda lililokatwa likaachwa mezani. Mtengenezaji ndiye anayeamua lini asimamishe mabadiliko hayo kwa joto. Chai ya kijani husimamishwa mapema kabisa. Wachina kwa kawaida hukaanga majani kwenye karai. Wajapani huyafukiza kwa mvuke. Tofauti hiyo utaikuta puani: Longjing ya Hangzhou, yenye majani bapa, hunukia kama kitu kilichokaangwa taratibu, ilhali sencha ya Japani hunukia nyasi mbichi na mwani.

Chai nyeusi huachwa igeuke hadi mwisho. Oolong iko katikati, na hapo katikati pana nafasi kubwa mno. Tieguanyin, oolong ya Anxi huko China, inayotengenezwa siku hizi mara nyingi huwa karibu na kijani na hunukia maua. Oolong za milima ya Wuyi zimegeuzwa zaidi, kisha zikachomwa kwa joto la makaa, na ladha yake ina mbao na sukari iliyoungua. Ukinywa hizo mbili mfululizo utaona kwamba neno oolong peke yake halikuelezi mengi.

Chai nyeupe haikaangwi wala haisokotwi. Hunyaushwa polepole na kukaushwa, basi. Pu'er ya Yunnan, jimbo la China, ina njia yake: majani, ambayo mara nyingi hubanwa kuwa keki ngumu, huendelea kubadilishwa na vijidudu kwa miaka mingi. Kwa wasioweza kusubiri, katika miaka ya 1970 ilibuniwa mbinu ya kuyavundika majani kwenye malundo yenye unyevu ili yaive kwa wiki kadhaa. Hiyo huitwa shou, na rangi yake kikombeni ni nyeusi karibu kama kahawa.

## Vifaa: vichache, lakini sahihi

Nunua mizani ndogo ya kupima gramu kabla ya kununua buli zuri. Kijiko hudanganya. Kijiko cha oolong iliyoviringishwa kuwa vidonge kinaweza kuwa na uzito wa mara tatu ya kijiko cha chai nyeupe yenye majani manene yaliyotawanyika. Wengi wanaolalamika kwamba chai nyeupe haina ladha hawajawahi kuipima.

Cha pili ni kichujio kipana kinachokaa ndani ya kikombe au buli. Epuka vile vidude vya duara vya kufungia majani ndani, maana jani kavu likipata maji hufunguka mara kadhaa ya ukubwa wake, na likibanwa maji hayapiti katikati. Utaona nje yameloa na ndani bado ni makavu. Jani linataka nafasi ya kuogelea.

Ukipenda, ongeza gaiwan, kikombe cha Kichina chenye mfuniko na kisahani. Ile ya kaure nyeupe haishiki harufu ya chai iliyotangulia, na rangi ya chai huonekana ilivyo.

Kipimajoto kinafaa, ila usipokuwa nacho tumia macho. Wachina wa kale walipima moto wa maji kwa ukubwa wa mapovu, na mimi bado natumia njia yao ninapokuwa mbali na vifaa vyangu. Fungua mfuniko wa sufuria utazame. Vipovu vidogo vinavyong'ang'ania chini, walivyoviita macho ya uduvi, ni kama nyuzi 70 hadi 75. Vikikua na kuanza kupanda kimoja kimoja, mvuke ukionekana, ni macho ya kaa, karibu nyuzi 80. Macho ya samaki huja kwenye nyuzi 85 hivi. Mapovu yakipanda kwa mstari mfululizo kama mkufu wa lulu, uko kati ya 90 na 95. Baada ya hapo maji yote hupinduka.

Njia nyingine ni kuchemsha maji kabisa kisha kuyahamisha. Kila unapoyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine kilichopoa, hupoteza nyuzi 5 hadi 10. Mimina mara mbili au tatu, umefika kwenye chai ya kijani. Anayeishi sehemu za juu akumbuke pia kwamba kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa takriban nyuzi 1 pungufu. Kwenye mita 1,500 huchemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo chai nyeusi itahitaji muda kidogo zaidi.

## Maji

Kikombe cha chai ni maji karibu yote. Maji magumu, yenye chokaa nyingi, hufifiza harufu, huifanya rangi kuwa ya matope, na huacha utando mwembamba unaong'aa juu ya chai nyeusi. Utando huo ukiguswa na kijiko hupasuka vipande vipande kama barafu nyembamba. Ukiuona, shaka iwe kwa maji kwanza. Maji yaliyochujwa au ya chupa yenye madini machache hutatua tatizo. Yale yaliyotoneshwa kabisa, yasiyo na madini yoyote, hutoa chai iliyopwaya. Maji ya bomba yenye harufu ya klorini yaache kwenye chombo wazi usiku kucha au yapitishe kwenye chujio la mkaa.

## Hatua za kuandaa

1. Pasha chombo moto. Mimina maji ya moto ndani ya buli au kikombe, yazungushe, yamwage. Chombo baridi huiba nyuzi kadhaa kabla jani halijaguswa.

2. Weka majani makavu ndani ya chombo hicho chenye joto, funika sekunde 10, kisha fungua na unuse. Usiiruke hatua hii. Joto lile na unyevu uliobaki huamsha harufu, na hapo ndipo mara nyingi chai hujitambulisha vizuri kuliko hata kikombeni.

3. Pima. Kwa kikombe kikubwa au buli, anza na gramu 2 hadi 3 kwa kila mililita 200.

4. Mimina maji yenye joto linalofaa, funika, weka saa. Haya ndiyo ninayoanzia mimi:

- Kijani ya Japani: nyuzi 60 hadi 75, dakika 1 hadi 2
- Kijani ya China: nyuzi 75 hadi 85, dakika 2
- Nyeupe: nyuzi 80 hadi 90, dakika 4 hadi 5
- Oolong nyepesi: nyuzi 85 hadi 90, dakika 3
- Oolong iliyochomwa: nyuzi 95, dakika 3
- Nyeusi: nyuzi 95 hadi 100, dakika 3 hadi 4
- Pu'er: maji yanayochemka, dakika 3, baada ya kuyaosha majani kwa maji ya moto sekunde 10 na kuyamwaga

5. Tenganisha majani na maji yote, hadi tone la mwisho. Majani yanayobaki yameloa ndani ya buli huendelea kutoa uchungu, na kikombe cha pili kitakusuta. Kama buli lako lina ujazo mkubwa kuliko unachokunywa, chuja chote kwenye jagi.

6. Usitupe majani. Karibu chai zote nzuri zinakubali maji ya pili, nyingine hata ya tatu. Ongeza dakika 1 kila mara.

Sababu ya tofauti za joto ni hii. Asidi amino za chai, hasa theanini, ambayo ndiyo huipa ladha ile nzito na tamu kama mchuzi, huyeyuka hata kwenye maji ya vuguvugu. Katekini, zenye uchungu na ukakasi, pamoja na kafeini, hutoka kwa wingi maji yanapokuwa moto. Gyokuro ya Japani ndiyo mfano ulio wazi zaidi: mimea yake hufunikwa isipate jua kwa takriban siku 20 kabla ya kuchumwa, na kivuli hicho huifanya ibaki na theanini nyingi. Ukiiandaa kwa nyuzi 50 hadi 60 hutoa kioevu kizito kinachobaki mdomoni kwa dakika nzima. Ukiitia maji ya kuchemka, umeipoteza.

Kuna imani iliyoenea kwamba ukiyaosha majani kwa sekunde 30 unaondoa kafeini. Kafeini haiishi haraka hivyo. Sehemu kubwa hubaki ndani ya majani. Anayeikwepa atafute njia nyingine.

## Njia ya pili: majani mengi, muda mfupi

Oolong na pu'er, kwa maoni yangu, hazijaonjwa hadi zionjwe hivi. Weka gramu 5 hadi 6 kwenye gaiwan ya mililita 100. Tia maji, hesabu sekunde 10 hadi 15, mimina yote kwenye jagi dogo, kunywa. Tia tena. Baada ya mara mbili au tatu anza kuongeza sekunde 5, kisha 10, kadiri ladha inavyopungua.

Nieleze Tieguanyin inavyokuwa. Mara ya kwanza vidonge vimefunguka nusu tu, na chai ni maua matupu, haina uzito. Mara ya pili jani limeanza kukunjuka na mdomo unasikia kitu laini kama siagi. Ya tatu na ya nne ndizo kilele: ukimeza, utamu unapanda kutoka kooni baada ya sekunde chache, ingawa hukuutia. Kuanzia ya sita maua yameondoka, umebaki na ladha safi ya mmea. Mwishoni fungua mfuniko uchukue jani moja ulinyooshe kwenye kisahani. Ni jani zima, lina kikonyo, na kingo zake zina wekundu pale lilipochubuliwa kwa makusudi wakati wa kutikiswa, huku katikati likiwa kijani bado. Oolong nzima imeandikwa kwenye jani hilo.

## Kuonja

Waonjaji wa kazi hutumia utaratibu usiobadilika. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 3103 mwaka 1980: gramu 2 za chai kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, kwenye chombo cha kaure nyeupe au cha udongo uliopakwa rangi ya kung'aa. Chai hiyo huwa kali kuliko ungependa kunywa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kasoro hazina mahali pa kujificha. Ukitaka kujua kati ya chai mbili nyeusi ipi ni bora, ziandae zote hivyo.

Tazama kwanza. Majani makavu yawe ya ukubwa unaolingana, yasiwe na vumbi jingi. Kunusa ni mara tatu: majani makavu, majani yaliyoloa, na chai yenyewe. Kisha chukua kijiko kimoja uvute kwa nguvu pamoja na hewa, kwa sauti. Usione haya. Hewa hubeba harufu kutoka mdomoni hadi puani kwa nyuma, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Ukitaka kuhakikisha, ziba pua kisha onja. Achia pua ghafla. Hiyo iliyorudi ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Onja chai ikiwa imepoa kidogo. Inayounguza ulimi haionjeki, na chai mbaya hujificha nyuma ya moto.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya, nayo ndiyo muhimu kuliko yote hapa. Uchungu ni ladha. Husikika ulimini, kisha huondoka. Ukakasi si ladha, ni hisia ya kukauka na kukwaruza, ile unayoipata ukiuma tunda bichi. Hutokea kwa sababu polifenoli za chai, kundi ambalo katekini zimo, hushikana na protini za mate na mdomo ukapoteza utelezi wake. Chai nyeusi nzuri inaweza kuwa na ukakasi wa kupendeza, unaoufanya mdomo uchangamke na kutaka funda jingine, bila uchungu wowote. Ukishaweza kuvitenganisha hivyo viwili, utajua la kurekebisha. Uchungu umezidi? Punguza joto kwanza. Ukakasi umezidi? Punguza muda. Chai ni nyepesi, haina mwili? Ongeza majani, usiongeze muda, kwa kuwa muda huleta ukakasi kabla ya kuleta uzito.

Baada ya kumeza, subiri hadi sekunde 30 bila kusema neno. Kinachobaki kooni hutenganisha chai ya kawaida na chai nzuri.

## Chai za kuanzia

Usinunue kopo kubwa la chochote. Nunua gramu 25 au 50 za aina tano au sita, kwa jozi zinazosemezana.

Jozi ya kwanza, zote za India: Assam na Darjeeling ya mchumo wa kwanza. Zote huitwa nyeusi. Assam ni nzito, ina ladha ya kimea, na huvumilia maziwa. Darjeeling ya mchumo wa kwanza, unaofanyika Machi na Aprili, ina rangi ya dhahabu hafifu, na majani yake yana vipande vya kijani kwa sababu hunyaushwa sana yasigeuke yote. Iandae kwa nyuzi 85 hadi 90, na maziwa yakae mbali nayo. Mchumo wa pili, wa Mei na Juni, ni mzito zaidi na una harufu ya zabibu.

Jozi ya pili: Longjing na sencha, kwa sababu niliyoieleza ya karai na mvuke. Ya tatu: oolong ya maua na oolong iliyochomwa. Kama pochi inaruhusu, ongeza ile ya Taiwan iitwayo Oriental Beauty. Wadudu wadogo huuma majani yake, mmea hujibu kwa kutoa viambato vya kujikinga, na majibu hayo huwa harufu ya asali kikombeni. Mkulima hawezi kupiga dawa, la sivyo asali haipo.

Lapsang Souchong, iliyokaushwa kwa moshi wa misonobari, ionje peke yake na mwishoni, kwa kuwa itaufunika mdomo.

Kwenye makopo ya chai nyeusi utakuta herufi kama OP au BOP. Hizo hueleza ukubwa wa jani na kama limevunjwa, hazielezi ladha. Jani lililovunjwa hukolea haraka, hivyo litoe mapema.

## Kuhifadhi

Chai ina maadui wanne: hewa, mwanga, unyevu na harufu za jirani. Kopo la bati lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na viungo, linatosha. Ya kijani inywe ndani ya miezi michache baada ya kufungua. Nyeusi na oolong zilizochomwa huvumilia mwaka na zaidi. Pu'er ni tofauti, hutaka hewa kidogo, kwa hiyo iache kwenye karatasi yake mahali pasipo harufu. Usiweke kopo lililofunguliwa kwenye friji, maana kila ukilitoa, unyevu wa hewa hutua juu ya majani.

Majani yaliyoanza kuchoka usiyatupe. Yapeleke kwenye maji baridi. Gramu 8 hadi 10 kwa lita moja ya maji baridi, kwenye friji, saa 6 hadi 10. Kwa kuwa hakuna moto, uchungu hutoka kidogo mno na utamu unabaki. Chai nyeusi uliyoiandaa kwa moto kisha ukaipoza huweza kugeuka na ukungu, kafeini na polifenoli zikishikana maji yanapopoa. Haijaharibika, ongeza maji ya moto kidogo na itang'aa tena. Ile iliyolowekwa kwenye baridi tangu mwanzo hubaki angavu zaidi. Ichuje, ifunike, na uimalize kesho yake.